Kupima risasi kwenye maji kwa njiti ya kalamu: jinsi ya kujenga na kutumia kihisi cha elektrokemia cha gharama ndogo

Kalamu ya risasi haina risasi. Ile njiti nyeusi ndani yake ni grafaiti iliyoshikamanishwa kwa udongo wa mfinyanzi au plastiki, na grafaiti hupitisha umeme. Njiti hiyo hiyo, ikitayarishwa vizuri, inaweza kugundua risasi halisi iliyoyeyuka kwenye maji, hata ikiwa ni mikrogramu chache tu kwa lita. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mikrogramu 10 za risasi kwa lita, na mikrogramu 3 kwa kadimi, metali nyingine yenye sumu. Kiasi hicho hakina rangi, harufu wala ladha. Mtoto anaweza kukinywa kila siku na hakuna mtu nyumbani atakayeshtuka.

Mwongozo huu ni wa kujenga kihisi hicho na kukitumia mpaka upate namba. Tunasisitiza namba, kwa sababu kupata kilele kizuri kwenye skrini si kazi kubwa. Kazi ni kuhakikisha kilele hicho kimetoka kwenye maji ya sampuli, si kwenye chupa, vidole vyako au waya wa kulehemu ulioko mezani.

Kinachotokea ndani ya kikombe

Mbinu hii hukusanya kwanza, hupima baadaye. Njiti ya grafaiti inawekwa kwenye volteji hasi, na ayoni (atomu zenye chaji ya umeme) za metali zilizomo majini zinazoifikia huchukua elektroni na kuganda juu yake zikiwa metali. Dakika mbili za kukoroga zinatosha kurundika juu ya njiti kiasi kinachopimika. Kisha volteji inapandishwa haraka kuelekea upande chanya. Kila metali ina volteji yake ya kurudi majini, na inaporudi huachia elektroni, nasi tunaziona kama kilele kwenye grafu ya mkondo. Mahali kilele kilipo panataja metali, na ukubwa wake unataja kiasi.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa zebaki. Jaroslav Heyrovský aliianzisha elektrokemia ya tone la zebaki mwaka 1922 na akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1959. Zebaki ilifanya kazi vizuri ajabu, lakini si busara kutumia sumu kutafuta sumu, hasa nje ya maabara. Mwaka 2000 Joseph Wang na wenzake walionyesha kuwa utando mwembamba wa bismuti unaweza kuchukua nafasi yake. Bismuti haina madhara makubwa, na hatuhitaji hata kuipaka mapema: tunaitia kwenye sampuli yenyewe, inaganda pamoja na risasi na kuunda nayo aloi, yaani mchanganyiko wa metali.

Ukitumia elektrodi rejea (ile ambayo volteji zote zinapimwa kutokea kwake) ya fedha na kloridi ya fedha, tarajia kilele cha zinki karibu na volti −1.1, kadimi karibu na −0.8, na risasi karibu na −0.55. Bismuti yenyewe huanza kutoka karibu na −0.2. Namba hizi huhama kidogo kutoka kifaa hadi kifaa. Zikihama zote kwa pamoja, kuna jambo, na tutalifikia.

Elektrodi tatu

Elektrodi ya kazi ni njiti ya kalamu ya kubonyeza, unene wa milimita 0.5, aina ya HB. Nunua pakiti moja yenye njiti nyingi na usichanganye na pakiti nyingine mpaka iishe, kwa sababu kila mtengenezaji ana mchanganyiko wake wa grafaiti na gundi. Ubonyeze mwisho mmoja kwenye karatasi nyeupe isiyo na mikwaruzo, uuzungushe mara kadhaa mpaka ung'ae, kisha suuza. Acha wazi milimita 10 tu za mwisho huo na uzibe sehemu inayofuata kwa rangi ya kucha, tabaka mbili, kila moja ikauke kwa nusu saa.

Hizo milimita 10 zipime kwa rula, usikadirie kwa jicho. Eneo linalogusa maji ni kama milimita za mraba 16, na karibu lote liko ubavuni mwa njiti. Ukikosea milimita moja, umekosea asilimia 10 ya ishara. Watu huhangaika na programu wiki nzima wakitafuta kwa nini elektrodi zao hazifanani, kumbe ni rangi ya kucha iliyopandishwa juu kidogo kwenye moja na kushushwa kwenye nyingine. Angalia pia kwa kioo cha kukuza kama rangi imeshika pande zote. Pakiwa na ufa, maji hupanda chini yake polepole, eneo linaongezeka kadiri muda unavyokwenda, na mkondo wa msingi unakua katika kila kipimo.

Upande wa juu, ishike njiti ndani ya kalamu yake ya kubonyeza na uunganishe waya kwenye chuma cha kalamu, au tumia kibanio cha waya. Kibanio kisiguse maji kamwe, hata kwa tone lililoruka. Vibanio vingi ni vya shaba nyeupe, na metali hiyo mara nyingi huwa na risasi ndani yake.

Elektrodi saidizi ni njiti nene ya grafaiti ya milimita 2, ikizama milimita 20 au zaidi. Usiweke chuma cha pua hapo. Upande huo una volteji chanya wakati wa kukusanya, na chuma huachia metali zake ndani ya kikombe unachokipima.

Elektrodi rejea ndiyo inayostahili subira yako, maana volteji zote zinapimwa kutokea hapo. Chukua waya wa fedha safi wa unene wa milimita 0.5 hadi 1 na urefu wa sentimita 6. Usugue kwa msasa laini, ufute kwa spiriti, kisha uzamishe sentimita 3 kwenye dawa ya kung'arisha nguo yenye hipokloriti ya sodiamu, isiyo na manukato wala sabuni, kwa dakika 20 hadi 30. Waya utapoteza mng'ao na kuwa wa kijivu kilichoiva, ukielekea zambarau au kahawia. Hiyo ni kloridi ya fedha. Ikitokea na mabaka yanayong'aa, waya ulikuwa na mafuta ya vidole. Sugua uanze upya.

Nyumba ya waya huo ni ncha ya plastiki ya pipeti ya mililita 1. Yeyusha gramu 22.4 za kloridi ya potasiamu kwenye maji ya maabara mpaka mililita 100. Huo ni myeyusho wa molari 3 (molari ni kipimo cha ukali wa myeyusho: moli kwa lita). Chota mililita 20 za myeyusho huo, tia gramu 0.6 za agari, chemsha mpaka uwe angavu, kisha vuta milimita 5 hadi 8 za uji huo moto kwenye ncha na uache ugande. Juu yake jaza kloridi ya potasiamu iliyobaki, lakini kwanza idondoshee tone moja au mawili ya nitrati ya fedha ya molari 0.1 mpaka weupe ubaki. Hatua hii ndogo hurukwa na wengi. Myeyusho mkali wa kloridi huyeyusha kloridi ya fedha, kwa hiyo usipoushibisha mapema utakula utando wa waya wako mpaka ubaki fedha tupu.

Tengeneza mbili kwa wakati mmoja. Zitumbukize zote kwenye kikombe chenye kloridi ya potasiamu ya molari 3, unganisha multimita kati yao kwenye milivolti. Tofauti ikiwa chini ya milivolti 5, zote ni nzuri. Ikizidi 10, moja ina kasoro, na kwa kuwa hujui ni ipi, tengeneza ya tatu. Zihifadhi gizani zikiwa zimezama kwenye kloridi ya potasiamu. Agari ikikauka hupasuka.

Wapo wanaotumbukiza waya wa fedha moja kwa moja kwenye sampuli bila nyumba. Inawezekana, ila volteji ya waya huo inafuata kiasi cha kloridi kilichomo majini: kloridi ikiongezeka mara 10, volteji inahama milivolti 59 hivi. Maji ya kisima chenye chumvi na maji ya mvua yatakupa kilele cha risasi mahali tofauti. Kwa maji usiyoyajua, usifanye hivyo.

Potenshiostati

Kazi ya potenshiostati ni kushikilia volteji kati ya njiti na elektrodi rejea, huku ikipima mkondo unaopita kati ya njiti na elektrodi saidizi. Kama hutaki kubuni mwenyewe, kuna miundo iliyochapishwa wazi pamoja na michoro yake, kama CheapStat ya mwaka 2011 na DStat ya mwaka 2015. Kama unataka kuelewa kila waya, saketi ifuatayo inatosha: chipu ya MCP6004 yenye opampu (vikuza ishara) nne ndani, kibadilishi MCP4725 cha kutoa volteji, kibadilishi ADS1115 cha kusoma, na maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) yoyote inayozungumza I2C, njia ya chipu kuwasiliana kwa waya mbili. Yote hutumia volti 5.

Opampu ya kwanza ni ya udhibiti. Mguu wake chanya unapokea volteji kutoka MCP4725, mguu hasi unaungwa moja kwa moja kwenye elektrodi rejea, na tokeo lake linakwenda elektrodi saidizi. Opampu ya pili inapima mkondo: mguu hasi unaungwa na njiti, mguu chanya unashikiliwa kwenye volti 1.5, na kati ya tokeo na mguu hasi kuna rezista ya kΩ 10 sambamba na kapasita ya nF 10. Opampu ya tatu inatengeneza hizo volti 1.5 kutoka kwenye rezista mbili, kΩ 4.7 juu na kΩ 2 chini, zenye kapasita ya µF 10 kwenye kiungo chao. Kapasita hiyo iwe kwenye rezista, si kwenye tokeo la opampu, la sivyo opampu itatikisika.

Kwa nini 1.5 na si nusu ya 5 kama ilivyozoeleka? Wakati wa kukusanya, njiti iko volti 1.2 chini ya rejea, na elektrodi saidizi inalazimika kupanda zaidi ya volti 1 juu ya rejea ili iweze kuoksidisha maji. Ukianzia 2.5, rejea inakaa 3.7, na saidizi inahitaji karibu 5 au zaidi. Opampu inagonga dari ya umeme wake na volteji uliyoiomba haifikiwi, bila onyo lolote kwenye skrini. Ukianzia 1.5, saidizi inapata nafasi ya kutosha.

Kwa mpangilio huu volteji ya njiti ni 1.5 ukitoa volteji ya MCP4725. Kwa hiyo −1.2 inapatikana ukitoa 2.7, na +0.3 inapatikana ukitoa 1.2. Alama zimegeuka, na kosa la kwanza la kila anayeandika programu hii ni kusahau hilo. Pima volteji halisi ya kiungo kwa multimita na uiandike kwenye programu, maana rezista hazitoi 1.5 kamili. Pima pia volti 5 zenyewe: MCP4725 hutumia umeme inaopewa kama kipimo chake, na umeme wa USB mara nyingi uko chini ya 5. Ukiwa 4.8, kila volteji unayoitoa ina kosa la asilimia 4.

Chipu ya LMP91000 inavutia kwa sababu potenshiostati nzima imo ndani yake. Lakini volteji yake ya juu kabisa ni asilimia 24 ya volteji ya kumbukumbu. Ukiilisha volti 3.3 haifiki hata 0.8, na risasi inahitaji kukusanywa chini ya hapo. Hata kwa volti 5 inaishia 1.2 kamili, bila akiba.

Kabla ya maji yoyote, jaribu saketi kwa rezista. Unganisha waya wa rejea na wa saidizi pamoja, weka rezista ya kΩ 10 ya asilimia 1 kati yao na waya wa njiti, kisha tembeza volteji kutoka −1.0 hadi +1.0. Utapata mstari ulionyooka kutoka mikroampea −100 hadi +100 unaopita kwenye sifuri. Ukipinda mwishoni, kuna opampu inayogonga dari. Ukiwa na mawimbi ya kujirudia, ni umeme wa ukutani. Fupisha waya wa rejea, kisha ingiza kikombe na saketi ndani ya kopo la bati lililounganishwa na ardhi ya saketi.

Vimiminika

Hapa usafi unatangulia hesabu. Loweka kila chupa, kikombe na sumaku ya kukorogea kwenye asidi nitriki ya asilimia 10 usiku kucha, kisha suuza mara tano kwa maji ya maabara, yaani yaliyotoneshwa au kuondolewa ayoni. Meza uliyolehemia juu yake isiwe meza ya kupimia. Waya wa kulehemu wa aina ya 60/40 una asilimia 40 za risasi. Chembe isiyoonekana kutoka kwenye kidole inazidi risasi yote iliyomo kwenye kikombe cha mililita 10. Vaa glavu zisizo na unga, na miwani unaposhika asidi kali. Asidi inamiminwa kwenye maji, si maji kwenye asidi.

Bafa (kimiminika kinachozuia pH isiyumbe): yeyusha gramu 24.2 za asetati ya sodiamu yenye maji matatu na mililita 18.5 za asidi asetiki kali, jaza mpaka mililita 500. Ni bafa ya molari 1, pH karibu 4.5. Ihakikishe kwa kipima pH na urekebishe kwa sodiamu hidroksidi au asidi asetiki.

Bismuti: gramu 0.232 za nitrati ya bismuti yenye maji matano kwenye asidi nitriki ya molari 1, jaza mpaka mililita 100. Hiyo ni miligramu 1000 kwa lita. Zimua mililita 10 zake mpaka 100 kwa asidi nitriki ya molari 0.5, upate miligramu 100 kwa lita. Ukizimua kwa maji matupu utaona wingu jeupe likishuka. Bismuti imeganda, na chupa hiyo haina kazi tena.

Risasi ya kulinganishia: ukipata myeyusho wenye cheti wa miligramu 1000 kwa lita, tumia huo. La sivyo, gramu 0.160 za nitrati ya risasi kwenye mililita 100 za asidi nitriki ya molari 0.1 zinakupa kiasi hicho. Zimua hadi miligramu 10, kisha hadi miligramu 1 kwa lita, kila hatua kwa asidi na si kwa maji. Huo wa mwisho utengenezwe siku ile ile ya kupima, kwa sababu risasi kidogo kwenye maji yasiyo na asidi hunata kwenye kuta za chupa.

Kuchukua sampuli na kupima

Kama unashuku mabomba ya nyumba, chukua maji ya kwanza kabisa baada ya bomba kukaa kimya saa 6 au zaidi, kisha chukua mengine baada ya kuyaachia yatiririke dakika kadhaa. Chupa ya kwanza ikiwa na risasi nyingi kuliko ya pili, chanzo kiko kwenye mabomba au viungo, si kwenye kisima. Tumia chupa ya plastiki iliyolowekwa asidi. Tia asidi nitriki mpaka pH iwe chini ya 2, na uiache angalau saa 16, ili risasi iliyonata kwenye chembe na kwenye kuta irudi majini.

Asidi hiyo inakuja kudai baadaye. Mililita 1 ya bafa yetu haiwezi kumeza asidi yote ya sampuli iliyotiwa kwa mkono mzito. pH inashuka chini ya 4 na kwenye −1.2 viputo vya hidrojeni vinaanza kuifunika njiti. Kabla ya kupima, rudisha sampuli kwenye pH ya 4 hadi 5 kwa matone ya sodiamu hidroksidi, na uandike ujazo uliotia.

Weka kwenye kikombe mililita 9 za sampuli, mililita 1 ya bafa, na mikrolita 50 za bismuti ya miligramu 100 kwa lita. Bismuti sasa ni mikrogramu 500 kwa lita. Kwa kukoroga, feni ya kompyuta iliyobandikwa sumaku mbili ndogo inatosha, ilmradi kasi isibadilike tangu kipimo cha kwanza hadi cha mwisho. Kiasi kinachokusanywa kinategemea mwendo wa maji. Umeme wa feni ukiyumba, na matokeo yanayumba.

Mzunguko mmoja uko hivi. Shika njiti kwenye +0.3 kwa sekunde 30 huku ukikoroga, ili chochote kilichobaki kiondoke. Shuka hadi −1.2 kwa sekunde 120, bado unakoroga. Zima feni, subiri sekunde 10 maji yatulie. Kisha tembeza volteji ya ngazi za mraba (kila ngazi ina wimbi la mraba linalopanda na kushuka) kutoka −1.2 hadi −0.3: hatua milivolti 5, kimo milivolti 25, marudio 25 kwa sekunde. Kila nusu ya wimbi inadumu milisekunde 20; soma mkondo kwenye milisekunde 4 za mwisho tu, mara mbili au tatu, na uchukue wastani. ADS1115 ikiwekwa kwenye usomaji 860 kwa sekunde inamudu. Tofauti kati ya nusu mbili za wimbi ndiyo unayoichora. Kwa njia hii sehemu kubwa ya mkondo wa oksijeni inafutika, na huhitaji gesi ya nitrojeni.

Tupa vipimo viwili vya kwanza vya njiti mpya. Uso wake bado unazoea, na kilele cha kwanza karibu kila mara kinatofautiana na vinavyofuata. Kuanzia cha tatu, vilele vitatu mfululizo visitofautiane kwa zaidi ya asilimia 5 au 6.

Kwenye skrini utaona mkondo ukishuka kama mteremko laini, kisha kwenye −0.55 nundu nyembamba inayosimama. Usipime kutoka sifuri ya grafu. Chora mstari unaounganisha miguu miwili ya nundu, upime kimo kutoka mstari huo hadi kileleni. Amua mapema miguu iko wapi, mathalani −0.68 na −0.42, na usiibadilishe kwa kila grafu ili namba ikupendeze.

Kugeuza kilele kuwa namba

Usitumie jedwali ulilotengeneza kwa maji safi kusoma maji ya mto. Vitu vilivyomo kwenye sampuli hubadilisha unyeti wa njiti. Dawa yake ni kuongeza risasi inayojulikana ndani ya sampuli hiyo hiyo. Mikrolita 100 za risasi ya miligramu 1 kwa lita kwenye mililita 10 zinaongeza mikrogramu 10 kwa lita. Ongeza mara tatu, na kwa kila hatua pima mara tatu. Jumla ni mizunguko 12, kama dakika 35.

Tuseme wastani wa vilele ni mikroampea 2.1, 4.0, 6.1 na 8.0 kwa nyongeza za 0, 10, 20 na 30. Mstari unaopita vizuri katikati yake una mwinuko wa 0.198 na unakata mhimili kwenye 2.08. Gawanya: 2.08 kwa 0.198 ni 10.5. Sasa pima kikombe tupu, yaani maji ya maabara yenye bafa na bismuti ile ile, kwa nyongeza zile zile. Tuseme kinatoa mikrogramu 0.9 kwa lita. Ukitoa, inabaki 9.6. Sampuli ilikuwa mililita 9 kati ya 10, kwa hiyo zidisha kwa 10 na ugawe kwa 9: mikrogramu 10.7 kwa lita.

Je, maji haya yamevuka kiwango cha 10? Kwa kifaa hiki, huwezi kusema. Pipeti, urefu wa njiti na mstari wa msingi vikijumlishwa vinaweza kuleta kosa la asilimia 10 hadi 15, na 10.7 iko ndani ya shaka hiyo. Andika "karibu na kiwango, ipelekwe maabara". Ingekuwa 3 au 40, ungesema kwa uhakika. Tenganisha maji yaliyo wazi salama, yaliyo wazi mabaya, na yale ya katikati yanayohitaji maabara kubwa. Kazi hiyo kifaa hiki kinaifanya vizuri, na ni kazi kubwa, kwani kinaokoa vipimo ghali kwa ajili ya visima vinavyovihitaji.

Ili kujua kiasi kidogo kabisa unachoweza kukiona, pima kikombe tupu mara 7, tafuta mchepuko sanifu wa vilele (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika), uzidishe kwa 3 na ugawe kwa mwinuko. Ikizidi mikrogramu 5 kwa lita, ongeza muda wa kukusanya hadi sekunde 240. Kinyume chake, risasi ikizidi 100 punguza hadi sekunde 60, maana uso wa njiti unajaa na mstari unapinda.

Dalili na chanzo chake

Vilele vyote vimehamia upande mmoja kwa kiasi kile kile: ni rejea. Kagua kiputo cha hewa juu ya agari kwanza, kisha rangi ya waya. Kiputo kikikata kabisa njia, mkondo unaruka hadi mwisho wa kipimo na kukaa hapo, kwa sababu opampu haioni tena rejea.

Kikombe tupu kina kilele cha risasi kikubwa: badilisha kitu kimoja kimoja. Tumia bafa mpya, kisha maji mengine, kisha kikombe kingine. Mara nyingi ni asetati ya sodiamu ya daraja la chini au kikombe kisicholowekwa.

Kilele kinapungua kila ukirudia, bila kuongeza kitu: kuna uchafu wa kioganiki unaoifunika njiti, sabuni au ile asidi ya majani yaliyooza inayoyapa maji rangi ya chai. Badilisha njiti, izimue sampuli nusu kwa nusu, na ukiweza chovya njiti mpya kwenye myeyusho wa plastiki iitwayo Nafion wa asilimia 0.5 na uiache ikauke kabla ya kupima. Utando huo unapitisha ayoni na kuzuia molekuli kubwa. Kumbuka pia kuwa asidi hiyo ya majani huishika risasi isiweze kuganda, kwa hiyo namba yako itakuwa ndogo kuliko ukweli. Maji ya rangi ya chai yapelekwe maabara hata kama umepata sifuri.

Kilele cha risasi kifupi na kipana, na kingine kinajitokeza karibu na pale bismuti inapotoka: shaba imezidi. Inagombania nafasi kwenye njiti. Ongeza bismuti hadi miligramu 1 au 2 kwa lita na ufupishe muda wa kukusanya. Shaba hushikana pia na zinki, kwa hiyo kilele cha zinki kwenye maji yenye shaba kisiaminiwe.

Kilele kiko −0.55 kabisa lakini chanzo cha risasi hakieleweki: metali za stani na thali hutoka karibu na hapo. Ukiongeza risasi na kilele kikapata mabega mawili au kikahama, basi si risasi peke yake.

Unachokimwaga baada ya kazi ni maji yenye risasi uliyoiongeza mwenyewe. Kikusanye kwenye chupa moja ya plastiki yenye kifuniko, andika juu yake risasi, bismuti na asidi, pamoja na tarehe, na uikabidhi panapopokelewa taka za kemikali. Maji ya kusuuzia kikombe mara mbili za kwanza nayo yaingie humo.